Supamaketi ina kila kitu na bado hatujui tutakula nini jioni

Wacha niseme hii kitu juu imenikaa kwa roho kitambo. Watu wa nyumbani wakinipigia, hasa marika zangu wa Kisumu, huwa wanadhani mambo ya chakula huku Uingereza ni raha tupu, ati unaingia duka moja unatoka na kila kitu, nyanya Januari, stroberi Disemba, mishiri (french beans) imeoshwa imekatwa mikia imefungwa kwa nailoni. Na ni kweli viko. Hiyo mishiri ukigeuza pakiti mara nyingi utaona imeandikwa Kenya, imepanda ndege kuliko sisi wenyewe. Lakini mimi niko Leeds, bibi yangu ni nesi, mimi napiga shifti kwa nyumba ya wazee, tuna watoto wawili wa shule, na nakwambia hakuna swali linachosha hii nyumba kama "leo tunakula nini". Mama yangu sikuwahi kumsikia akiuliza hilo swali hata siku moja.

Hakuuliza juu mvua ilikuwa imeshajibu. Mwezi wa nne mvua ikishika, Kibuye, lile soko kubwa la Kisumu, inajaa mboga za kienyeji mpaka wale kina mama wanakuongezea bila kuombwa, managu, sagaa, mitoo, kunde, apoth, unarudi nyumbani na gunia la majani kwa pesa ya soda. Hiyo hiyo miezi omena (dagaa wa ziwani) inaadimika juu uvuvi wake unafungwa Aprili mpaka Julai ndio zizaane, kwa hivyo hapo ni mboga na maharagwe, na hakuna mtu analia. Alafu kumbikumbi nao hawatangazi, wanatoka tu baada ya mvua na usiku huo ndio mnakula hao. Julai na Agosti mahindi mabichi, ya kuchoma, ya kuchemsha, na ile nyoyo (githeri) ya mahindi mabichi ambayo haikai motoni siku nzima kama ya mahindi makavu. Kiangazi kikikaza mnaingia vitu vilivyoanikwa, obambla (samaki), aliya (nyama), na maembe yanaokotwa na watoto mpaka yanawaharishia. Mwaka unazunguka hivyo. Kazi ya mama ilikuwa kupika kilichopo, na kilichopo kilikuwa vitu viwili, vitatu.

Sasa linganisha na mimi nimesimama kwa supamaketi saa kumi na moja jioni, Disemba, nje giza lilishaingia saa kumi kasoro, nimetoka shifti, mtoto mmoja anavuta koti, na mbele yangu kuna pasta za kila umbo, kari ya kopo, piza, samaki wa mkate, mboga kutoka mabara matatu. Unaganda. Unachukua piza. Kesho pia unachukua piza. Siwalaumu Waingereza wanaolisha watoto vitu vya oveni kila siku, mimi naelewa kabisa wanafikaje hapo, kichwa kimechoka na kila kitu kinakuita.

Kingine ambacho huwa kinanichekesha ni hii mambo ya huku ya kupika Jumapili chakula cha wiki nzima, watu wanaifundisha kwa video wakiwa na vyombo vya plastiki vya saizi moja, kama ni kitu kimegunduliwa juzi. Jameni, osuga, yaani managu kwa Kijaluo, inapikwaje kwetu? Unachambua, unachemsha, unamwaga yale maji machungu, unatia maziwa, unaacha inachemka polepole, inalala. Kesho yake unaongeza maziwa, unachemsha tena, inalala tena. Siku ya kwanza hiyo managu bado ina hasira, siku ya tatu ndio mtu anaweza kula ugali nayo akasahau kuna nyama duniani. Hakukuwa na friji, ilikuwa inachemshwa asubuhi na jioni ndio isiharibike. Hiyo ni nini kama si kupikia wiki? Na jioni ya katikati ya wiki kazi iliyobaki ni ugali tu, dakika ishirini watu wanakula.

Lakini wacha nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ule urahisi kuna mtu alikuwa anaubeba, na hakuwa baba wala mimi. Kuchambua sagaa ni jani kwa jani, unaanza saa nane mchana, omena lazima uitoe mchanga na vijiti, mahindi yapukuchuliwe, maji yaletwe. Hiyo yote ilikuwa kazi ya mama, dada zangu na msichana wa kazi, sisi vijana tuko uwanjani tunangoja kuitwa. Kwa hivyo mtu akianza kunisifia chakula cha zamani ati ndio afya, ndio asili, mimi huuliza kwanza nani atachambua. Huku hakuna wa kumtuma. Kwetu nyumba hii anayefika kwanza ndiye anapika, na mara nyingi ni mimi. Mama mkwe wangu wa Kakamega aliposikia kwa simu ni mimi niko kwa sufuria, alinyamaza kidogo alafu akauliza kama mtoto wake ni mgonjwa.

Kitu kilitusaidia ni kuacha supamaketi kwa mboga. Huku pia kuna misimu, ni vile hayo maduka makubwa yanaifunika usiione. Hapa mjini kuna Kirkgate Market, soko la zamani la ndani, hapo ndipo Marks & Spencer, ile kampuni kubwa ya maduka, ilianza kama kibanda mwaka wa 1884. Ukienda hapo wanauza kwa bakuli, unalipa bei moja unamwagiwa kwa mfuko vyote vilivyo ndani, ni kama fungu la Kibuye tu isipokuwa hakuna kuongezewa, wachoyo hao. Na kwa bakuli utakuta kile ambacho kimejaa wakati huo. Mwezi wa tatu na wa nne kuna zile kabeji hazijafunga kichwa wanaita "spring greens", na kwa maoni yangu hizo ndizo ziko karibu na sukuma wiki kuliko ile kale yao ya kujikunja inayosifiwa kila mahali, ile inakwaruza koo. Juni na Julai njegere za ganda na stroberi zenye ladha. Agosti, Septemba mahindi, lakini ujue ni sukari tupu na laini, ukiyachoma hayana ile kazi ya meno. Oktoba maboga, wanayachonga sura za kutisha alafu tarehe moja Novemba yako kwa takataka, na majani yake hakuna mtu hata amewahi kuyafikiria, ukiwaambia kuna watu wanakula seveve wanakuangalia vibaya. Baridi ikiingia ni liki, karoti, viazi, na pasnipi, mzizi kama karoti nyeupe, ambayo mimi bado sijaamua kama naipenda.

Alafu kuna rubabu. Huu ni mmea wa vijiti vyekundu vikali kama ukwaju, na maeneo haya ya Leeds na Wakefield ndiyo kwao. Wanaukuza kwa mabanda ya giza, na kuanzia Januari mpaka Machi wanavuna kwa mwanga wa mishumaa, kweli kabisa, juu mwanga mwingi unaufanya uwe mgumu. Unachemshwa na sukari unaliwa na uji wa maziwa, watoto wangu wanaupenda. Ila nyinyi mnaokuja huku, na najua sisi watu wa magharibi tukiona jani pana tunafikiria sufuria: majani ya rubabu ni sumu. Kula kijiti, jani tupa. Ya bitiruti ndiyo unaweza kupika kama mchicha.

Kwa hivyo Jumapili kwetu inakuwa hivi. Sufuria kubwa, chochote cha kijani kilichokuwa bei nzuri, kitunguu, nyanya, na kama ni kipindi cha baridi natumia nyanya za kopo juu zile mbichi za Januari ni maji yamepakwa rangi, alafu maziwa mwishoni. Jumatatu inaliwa na ugali, Jumanne na mayai ama viazi, na inayobaki iko kwa friza. Nikitamani ya kwetu kabisa naenda maduka ya Waarabu huko Harehills nanunua molokhia ya kugandishwa, ambayo kwa taarifa yenu ni mrenda, ile apoth yetu, mmea ule ule, Wamisri wanaila na sungura na kuku, na imekuja ikiwa imeshachambuliwa na kukatwa. Sina aibu. Chapeltown kwa Wajamaika kuna ya kopo wanaiita callaloo, hiyo nayo ni aina ya terere (mchicha), imwage yale maji ya chumvi kwanza.

Sasa kinachonishangaza ni nyumbani. Dada yangu yuko Nakuru, yeye na bwana yake wanafanya kazi mjini, wanafika nyumba saa mbili usiku, na watoto wanakula nudozi na chipsi za kununua. Nakuru! Viazi vinashuka kutoka Molo, kabeji, minji, karoti, vyote viko hapo Wakulima Market kwa bei ambayo mimi nikiisikia natamani kulia. Nikimwambia ananijibu, kaka, wewe umekaa huko Ulaya na friza yako unaniambia nichambue managu saa mbili usiku? Na ana haki, hapo sina jibu. Lakini pia yeye ana kitu mimi sina. Mama mboga wake pale geti anamkatia sukuma nyembamba kama nywele akingoja, na kwa mtaa kuna mtu anauza githeri na maharagwe yaliyochemshwa tayari kwa kikombe, unaenda kukaanga tu. Mimi hiyo huduma ningelipia pauni tano na nishukuru. Shida naona ni watu wameanza kuona chakula cha kikombe ni cha watu wamekosa, na chipsi ni maendeleo. Yaani tunakimbilia kule ambako hawa wa huku wanatafuta njia ya kutoka.

Nimeomba kipande cha shamba kwa kaunsili, wanakodisha vidogo vya kulima mboga lakini foleni ni ndefu kweli. Saa hii natumia ndoo nyuma ya nyumba na mbegu za managu nimepata, zimeota Juni na jua likizama saa nne kasoro usiku zinakua kama zinafukuzwa. Sagaa ndiyo sijapata. Kama kuna mtu Leeds ama Bradford ako na mbegu zake, ata kijiko kimoja, aniandikie, nitakuja kuchukua mwenyewe.