Gari la Uingereza: lije Tanga au liuzwe hukohuko?

Ndugu anayejiandaa kurudi Tanga kutoka Uingereza hakosi kuuliza: gari nije nalo au niliuze huku? Walioko nyumbani hujibu upesi kwamba aje nalo. Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na gari ni lake, anajua lini lilibadilishwa oili na lini liligongwa. Hayo yote ni kweli. Swali ambalo huachwa hadi mwisho ni gari hilo ni la aina gani, na fundi yupi wa Ngamiani, hapa Tanga, atalishika likigoma. Kwangu mimi hilo ndilo la kwanza.

Upande wa kulileta una hoja moja nzito, nayo ni ushuru. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa msamaha wa gari moja mtu anayehamisha makazi, mradi awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa miezi 12 au zaidi, bila kuhesabu siku za safari ya meli. Ili uone uzito wake, chukua gari la injini ya cc 1800 ambalo Mamlaka ya Mapato (TRA) imelithamini kwa shilingi milioni 10, pamoja na bima na nauli ya meli. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Ongeza ushuru wa bidhaa asilimia 5, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla, unafika karibu milioni 5.5 kabla ya tozo ndogondogo. Likiwa limepita miaka 10 linabandikwa asilimia 30 nyingine kwa uchakavu, na kodi inakaribia milioni 10, yaani thamani ya gari lenyewe.

Sasa angalia masharti. Aliyenunua gari miezi minne kabla ya kuondoka, akiamini amewahi bei nzuri, hapati kitu. Anayewaza kuliuza mara tu likitoka bandarini naye asijidanganye: likienda kwa mtu asiye na haki ya msamaha, kodi inadaiwa. Kwa hiyo msamaha unamfaa yule atakayeliendesha miaka, na yule wa miaka ndiye hasa anayepaswa kuogopa spea.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Ingia gereji yoyote hapa mjini uone kilichoinuliwa kwa jeki: Toyota za petroli, yaani IST, Noah, Rav4, Passo. Bushi zake zimejaa madukani, shokapu zake zinapatikana hata mtumba, na kijana wa gereji anaifungua injini yake huku anapiga soga. Mpelekee Vauxhall au Renault ya dizeli. Atakuwa muungwana, atakwambia "tutaangalia, kaka", kisha gari litalala pale wiki kadhaa likisubiri kifaa kinachoagizwa Dar es Salaam au hukohuko lilikotoka.

Dizeli za Ulaya zina ugonjwa wake wa pekee. Nyingi za miaka ya karibuni zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu wa kasi. Maisha ya Tanga ni Chumbageni hadi sokoni, sokoni hadi Raskazone, kwa mwendo wa kuzipisha baiskeli na bodaboda. Masizi yanajaa tu. Mafuta nayo hayafanani: Ulaya salfa haitakiwi kuzidi sehemu 10 kwa milioni, kwetu kiwango ni 50. Usidhani nembo ya Toyota inakuokoa, kwani Toyota ya dizeli iliyouzwa Uingereza huenda injini yake haijawahi kufunguliwa na fundi yeyote wa hapa. Na kabla ya yote, lala chini ya gari utazame chesisi. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu hula vyuma taratibu, nawe unalileta mji wa pwani likamaliziwe.

Hata hivyo kuna watu ambao ningewaambia walilete bila kusita. Wa kwanza ni mwenye gari lililofanyiwa marekebisho kwa ajili ya ulemavu, lenye breki za mkono au njia ya kiti cha magurudumu. Gari kama hilo hulipati hapa kirahisi, na sheria hiyohiyo ina kifungu chake. Mwingine ni mwenye Toyota au Honda ya petroli, ya injini inayojulikana huku, ambaye tayari anajaza kontena la vyombo vya nyumbani. Huyo nauli ya gari inagawana na ya makochi na friji.

Waliobaki wauze. Siku hizi kununua gari kutoka Japani ukiwa Tanga si adha ya zamani. Bandari yetu, ambako meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali na mizigo kuja kwa matishari (majahazi bapa ya kubebea mizigo), imechimbwa hadi kina cha mita 13 na gati lake jipya lina urefu wa mita 450. Ushuru utalipa, ndiyo, lakini utakuwa na gari ambalo kila fundi analijua na siku ya kuliuza wanunuzi wapo.

Ndugu wanaorudi kutoka Muscat, Oman, hawahitaji uchambuzi mrefu. Magari yao hayana kutu na viyoyozi vyake ni vikali, lakini usukani uko kushoto. Jaribu kulipita lori kati ya Segera na Chalinze ukiwa umekaa upande wa majani, abiria ndiye anayekuchungulia kama njia ni nyeupe. Liuzeni hukohuko.

Atakayeamua kulileta aulize mapema meli inashushia wapi. Ikiwa ni Dar es Salaam, kuna kilomita kama 350 hadi Tanga, na wakala wa forodha atakayekushughulikia yuko kule. Karatasi za umiliki zenye tarehe aje nazo mkononi, asizifungie ndani ya gari, kwa sababu hizo ndizo zinazothibitisha ile miezi 12.