Kabla hujanunua dramu mpya ya fotokopi, tazama bisibisi ya fundi wako

Wiki ya mitihani, shule moja ya sekondari upande wa Mikindani ilinipigia simu saa moja kasoro asubuhi. Karatasi imekwama ndani ya mashine ya fotokopi, mitihani ya kidato cha tatu haijaisha kutolewa, na watoto wanaingia chumbani saa mbili na nusu. Nilipofika, mwalimu wa taaluma alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi, salamu baadaye, tuokoe kwanza." Huku pwani mtu akikuvaa bila salamu ujue hali imeshakuwa mbaya.

Karatasi ilikuwa imejikunja ndani ya fyuza, ile sehemu yenye joto inayoyeyusha tona, ule wino wa unga, ishike kwenye karatasi. Ni kazi ya robo saa: zima mashine, subiri fyuza ipoe, fungua mlango, toa skrubu mbili, vuta fyuza nje. Skrubu ya kwanza ilitoka bila maneno. Ya pili haikuwa na kichwa. Aliyenitangulia alikuwa ameisaga mpaka msalaba ukafutika, pakabaki kishimo cha mviringo kinachong'aa kama sarafu iliyosuguliwa. Koleo halikuweza kuingia kwa sababu skrubu ilikuwa imekaa shimoni. Nikachukua kipande cha msumeno wa chuma, nikakifungia kitambaa nikishike, nikachonga mstari juu ya kile kichwa taratibu, huku nimezungushia tambara bichi linase unga wa chuma usiangukie kwenye rola. Saa moja na dakika ishirini zikaishia kwenye skrubu moja ambayo kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya kunde. Mtihani ulianza saa tano.

Aliyeisaga ile skrubu hakuwa mzembe, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa namna ilivyosagika, mtu yule alisukuma kwa nguvu zake zote, alitaka kazi iishe. Alikuwa na bisibisi isiyo yake.

Nasema isiyo yake kwa maana hii. Canon, Ricoh, Kyocera, Sharp, Konica Minolta, hizi ndizo mashine zilizojaa kwenye ofisi na maduka ya steshenari kuanzia hapa Mtwara mjini hadi Masasi na Newala, na zote ni za kampuni za Japani. Skrubu zake kwa sehemu kubwa zimechongwa kwa kipimo cha Kijapani kinachoitwa JIS. Bisibisi ya nyota unayopewa ukienda tu dukani na kusema "nipe ya nyota" kwa kawaida ni ya Phillips, jina lililotokana na Henry F. Phillips wa Portland, Marekani, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Ukizitazama juu juu ni msalaba uleule. Zishike karibu na dirisha uone. Ncha ya Phillips imechongoka zaidi na pembe zake zimelainishwa, kwa hiyo kwenye skrubu ya JIS inagota chini kabla mbavu zake hazijashika ukuta. Ukikaza mkono inapanda, inaruka, inakula kona kidogo. Mara ya tatu, kona zimeisha.

Ya JIS inazama hadi mwisho na kutulia. Mara nyingi ukiinua bisibisi, skrubu inakuja nayo imeng'ang'ania ncha, hata kama haina sumaku. Skrubu nyingi za Kijapani utazitambua kwa nukta moja ndogo iliyobonyezwa kichwani, pembeni mwa msalaba. Bisibisi hizi zinatengenezwa na kampuni kama Vessel ya Osaka, na ukiagiza taja neno JIS. Zinafungua na skrubu za Phillips pia vizuri tu, kwa hiyo hupotezi chochote ukiwa nazo peke yake begini.

Nunua namba 2 kwanza. Hiyo inaingia kwenye skrubu za milimita tatu hadi tano, na hizo ndizo karibu zote utakazokutana nazo ndani ya mashine ya ofisi. Ningekuwa na hela ya vifaa vitatu tu, ningenunua namba 2 tatu: moja ya kawaida, moja ndefu ya kufika chini kwenye mashimo, na moja fupi kama kidole gumba ya pale ambapo mkono wenyewe unaingia kwa shida. Namba 1 itafuata, ya skrubu ndogo za sensa (vihisi) na bodi za umeme.

Vijana wengi wanaoanza ufundi huu wananunua lile sanduku la vipande mia, lenye mpini mmoja na ncha za kubadilisha. Naelewa kwa nini linavutia, bei ni ndogo na linaonekana kama karakana nzima. Lakini kishikio cha zile ncha ni kinene, hakiingii kwenye tundu refu jembamba ambamo skrubu za fyuza na za dramu, ile silinda inayobeba picha kabla haijahamia kwenye karatasi, zimefichwa, na ncha inacheza ndani ya kishikio, hivyo unasaga skrubu huku unadhani umeshika sawasawa. Ya drili ya betri sitaki hata kuyarefusha. Skrubu nyingi zinaingia kwenye plastiki tupu. Drili haisikii plastiki ikipasuka, mkono unasikia. Hata wakati wa kurudishia, izungushe skrubu kinyume kwanza, polepole, mpaka uhisi imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukiikaza tu moja kwa moja inachonga njia mpya, na tundu la plastiki halivumilii njia nyingi.

Kuna mtu ataniambia, "Kaka, kama kipuri kimevunjika si tunaagiza Dar?" Tunaagiza, ndiyo. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, kipuri kinakuja kwa basi kama mzigo, na hiyo ni kama kipo. Mwezi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, sisi wa kusini tulikumbushwa barabara hiyo ina maana gani kwetu. Fundi wa Kariakoo akivunja kifuniko atavuka mtaa. Wa Nachingwea akikivunja, ofisi nzima inasubiri, na msimu wa korosho hausubiri: vyama vya msingi vya ushirika vinataka nakala za orodha na stakabadhi leo. Kwa hiyo mimi naona fundi wa Mtwara na Lindi anahitaji vifaa bora kuliko wa Dar, ingawa ndiye mwenye hela kidogo ya kuvinunua. Mkubwa wa ofisi unayesoma hapa, kabla hujauliza bei ya matengenezo, mwombe fundi akufungulie begi lake. Bei ndogo iliyobebwa na bisibisi iliyokufa ncha utailipa baadaye kwa kununua dramu au fyuza ambayo haikuwa na kosa lolote.

Baada ya bisibisi, kifaa ninachokipenda kuliko vyote sikukinunua. Ni ndoano ya springi. Nilichukua spoku ya baiskeli, nikaikunja ncha kama ndoano ya kuvulia tasi, nikaipiga tupa mpaka ikawa laini isikwaruze, upande wa pili nikaweka mpini wa mti. Springi ndogo za kuvuta rola zinatoka na kurudi kwa ndoano hiyo kwa sekunde chache, na haziruki. Ukizivuta kwa koleo zinakunjuka, na springi iliyokunjuka haivuti tena kama zamani: karatasi zinaanza kuingia kombo na hujui kwa nini. Vilevile zile ringi zenye umbo la herufi E zinazozuia rola kutoka kwenye vyuma vyake. Zisukume kwa bisibisi bapa ndogo, lakini weka kidole cha mkono wa pili mbele yake, au tandaza kitambaa. Ringi ikiruka ikaingia kwenye gia, umejipa kazi ya kufungua nusu ya mashine.

Sumaku kwenye ncha ni nzuri, inaokoa skrubu isidondokee kwenye bodi. Lakini nina bisibisi moja isiyo na sumaku kabisa, kwa ajili ya kazi karibu na developa, ile sehemu inayopaka tona kwenye dramu. Ndani ya developa kuna rola yenye sumaku na, kwenye mashine nyingi, unga wa chuma unaobeba tona. Ncha yenye sumaku ikikaribia inavutwa ghafla, inaikwaruza rola, na inatoka imeota ndevu za unga.

Multimita, kile kipima umeme, iwepo, ya bei ya kawaida inatosha. Tochi iwe ya kichwani ili mikono yote miwili ibaki huru. Brashi iwe laini. Tona nakusihi usiipulize kwa blowa wala kwa mdomo, na usiifyonze kwa mashine ya kufagilia mazulia: chembe zake ni ndogo mno, za sehemu chache tu za elfu za milimita moja, zinapita kwenye mfuko na kutoka nyuma kama moshi, nawe unavuta pumzi humohumo. Futa kwa kitambaa kikavu kwanza, kisha kibichi. Mikono nawa kwa maji baridi, maana tona ni plastiki na maji ya moto yanaigandisha kwenye ngozi.

Halafu kuna hewa yetu. Ukiacha vifaa kwenye kopo barazani Shangani, upepo wa chumvi utavila ndani ya msimu mmoja, na kutu ikishaingia kwenye ncha ya bisibisi, zile kona ulizozilipia zimeanza kwenda. Vyangu navifunga kwenye kitambaa cha kanga kuukuu chenye matone ya mafuta ya cherehani. Nikifika kazini, kila kifaa nakifuta kwa kitambaa kingine kikavu kabla hakijagusa mashine. Mafuta kidogo tu kutoka kwenye mpini hadi kidoleni, kutoka kidoleni hadi kwenye rola ya mpira, na karatasi zinaanza kuteleza. Ile shule ilishaniita mara mbili tangu siku ile ya mtihani, na skrubu mpya niliyoiweka inatoka na kurudi kwa mkono mmoja.