Gramu kumi juu ya matofali ya kuchezea

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fizikia hapa Mbeya, alinikuta soko la Mwanjelwa nimechuchumaa mbele ya turubai la midoli ya mtumba, nachambua matofali ya plastiki. "Shikamoo babu," akanitania, "mjukuu ana miaka mingapi?" Nikamwambia mjukuu sina, natafuta mkono wa mizani. Akacheka mpaka akashika kiuno. Jioni akaja nyumbani kuuona huo mkono, na ubishi tulioanza usiku ule unaendelea hadi leo.

Hoja yangu, kwamba matofali haya yanaweza kuwa vifaa vya maabara ya shule, mizani hata hadubini, niliitoa mbali. Mwaka 2015 wanasayansi wa NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, walieleza jinsi walivyounda mizani kwa matofali ya Lego, yale ya kuchezea ya Denmark. Si mizani ya kupimia sukari. Ni mdogo wake ule mtambo unaopima kwa umeme: koili ya waya inaning'inia kwenye sumaku, unapitisha mkondo mpaka nguvu yake ilingane na uzito wa kitu, halafu unaondoa kitu, unaisogeza koili kwa kasi unayoijua na kusoma volti inazozalisha. Vipimo hivyo viwili, pamoja na mvutano wa dunia wa mahali ulipo, vinakupa tungamo la kitu bila kukilinganisha na jiwe lolote la mizani. Mitambo mikubwa ya ukoo huo ilisaidia dunia, tarehe 20 Mei 2019, kuacha kutegemea kipande cha platinamu na iridiamu kilichofungiwa karibu na Paris, ambacho ndicho kilikuwa kilo yenyewe, na kuifunga kilo kwenye namba ya Planck, namba ya maumbile isiyobadilika. Ile ya matofali iligharimu kama dola 600, na ilipima vitu vya gramu chache kwa kukosea takriban asilimia 1.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: katika hizo dola 600, matofali ni kiasi gani? Hapo alinibana. Fedha huliwa na sumaku, leza na kifaa cha kuingiza volti kwenye kompyuta; tofali ni fremu tu. Na fremu, anasema, sisi tunayo: mbao za msindano za Mafinga zimejaa kila kona. Mwalimu wa Tanzania amefundishwa chuoni kufaragua zana kwa kizibo, uzi na chupa ya maji. Anunue plastiki ya Denmark ya nini, wakati shule ya kata yenye wanafunzi sitini kwenye chumba kimoja haina hata beseni la kunawia ndani ya maabara? Vipande vyenyewe ni vidogo, vinaingia mfukoni, na kikipotea kimoja chenye gia, kifaa kizima kimelala. Tena akaongeza neno lililonichoma: mtoto anayefuata picha za kijitabu hatua kwa hatua hajafanya sayansi, ametii maagizo.

Sikuwa na jibu la maneno, nikajaribu kwa vitendo.

Mkono niliujenga kwa vile vipande virefu vyenye matundu. Egemeo likawa sindano ya kushonea iliyopita kwenye tundu la katikati, na sahani zikawa vifuniko viwili vya makopo. Mawe ya mizani sikununua. Mililita 1 ya maji ni gramu 1, hivyo bomba la sindano la duka la dawa linatosha. Nikaweka gramu 10 kila upande, mkono ukatulia sawasawa, nikafurahi. Kisha nikaanza kudondosha maji upande mmoja, tone kwa tone, na tone moja ni kama sehemu ya 20 ya gramu. Tone la kwanza, kimya. La tatu, kimya. Ilifika la nane ndipo mkono ukaamka. Nilikuwa na mizani isiyoona karibu nusu gramu! Nikatoa sindano, nikaukalisha mkono juu ya makali ya wembe. Safari hii matone mawili yalitosha.

Mwalimu alipiga makofi: umeona, kilichookoa mizani yako ni wembe wa dukani, plastiki haikuchangia kitu. Kweli, lakini si yote. Baada ya wiki binti wa jirani aliuvuta mkono ukasambaratika. Niliuunganisha kwa dakika tano, na ukatulia palepale. Mwalimu naye alikuwa ametengeneza wake wa mbao, mzuri, umepigwa msasa. Kifuku kilipoanza, ubao ukanywa unyevu na kitovu chake kikahama. Kila wiki anautafuta upya.

Hapo ndipo ninaposimama. Nguvu ya tofali ni kufanana kwake. Vifundo vyake viko milimita 8 kimoja hadi kingine, na tofali la mwaka 1958 bado linashikana na la leo. Mizani ikijengwa Tukuyu na nyingine Makambako kwa vipande vilevile, majibu yakitofautiana hutamsingizia seremala. Utatafuta kosa kwenye upimaji. Lakini faida hiyo ni ya tofali halisi. Katika rundo langu la Mwanjelwa theluthi nzima ilikuwa ya kuiga, mengine yanalegea, mengine hayatoki mpaka kwa meno.

Kwa hadubini nakiri naona tofauti. Mwaka 2021 watafiti wa Göttingen na Münster, Ujerumani, walitoa maelekezo ya hadubini ya Lego inayotumia lenzi ya kamera ya simu, na watoto wameijenga. Inapendeza. Ila sisi tuna njia iliyo karibu zaidi: OpenFlexure, hadubini ambayo mwili wake unachapwa kwa plastiki kwenye printa, ilianzia Uingereza lakini imetengenezwa pia Dar es Salaam na Watanzania, kwa shabaha ya kuangalia vimelea vya malaria. Printa moja kwenye chuo cha mkoa ingenishawishi kuliko makasha mia ya matofali.

Mizani, hata hivyo, nimemwazima mwalimu, na kanuni ameiweka yeye: asiyeeleza amekosea kwa kiasi gani hapati alama, hata jibu lake likiwa sahihi. Mizani ya mikono miwili haijali mvutano wa dunia, kwa kuwa pande zote zinavutwa sawa. Ile ya umeme inajali. Mbeya iko juu, kama mita 1,700, na karibu na ikweta kuliko Ulaya. Mvutano hapa ni karibu mita 9.78 kwa sekunde kwa sekunde, na ukiandika 9.81 umeshakosea asilimia 0.3 kabla hujagusa waya. Alipoiandika hiyo 9.78 ubaoni, binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, nani aliipima humu ndani?" Hakuna aliyeipima. Kwa sasa wamefunga jiwe kwenye uzi wa mita moja, wameliacha libembee kutoka kwenye kenchi, na wanahesabu mibembeo, maana muda wa kubembea ndio unaotoa mvutano.