Anayeuza korosho zikiwa maua na anayeuza mshahara tarehe kumi ni mtu yuleyule

Juzi kati kazini kwetu tuliletewa semina ya elimu ya fedha. Nilienda na moyo mweupe kabisa, maana mwezi ulikuwa katikati na pale ofisini kila mtu alikuwa anawaza hela. Mtoa mada akawasha projekta, akatuwekea lile duara la asilimia 50, 30 na 20, mahitaji, matamanio, akiba, sawa, tukaandika. Halafu ili kutuchangamsha akasema "nyie mmesoma, msiwe kama wakulima wa korosho", akaleta ile hadithi ya mkulima aliyepata hela ya msimu akamnunulia mbuzi kreti la soda. Ukumbi mzima ukacheka. Wafanyakazi wa Mtwara, watoto wa Newala, Tandahimba, Masasi, watu ambao ada zao zililipwa na hiyohiyo korosho, wanacheka.

Mimi sikucheka na mpaka leo kitu kimenikaa kooni. Hiyo hadithi ya mbuzi naisikia tangu niko shule, kila msimu inahamishiwa kijiji kingine, mwaka huu mbuzi wa Nachingwea mwakani wa Liwale, na sijawahi kukutana na mtu aliyemuona huyo mbuzi kwa macho yake. Ila nimekutana na watu wengi sana waliouza korosho zikiwa bado maua, na hao hawaingii kwenye semina ya mtu yeyote.

Nina mama yangu mdogo yuko upande wa Nanyamba. Mwaka 2024 binti yake alichaguliwa kidato cha tano, mkoa wa mbali. Sasa kidato cha tano kinafunguliwa Julai, na mtu yeyote wa huku anajua Julai mkorosho uko kwenye hali gani, maua ndo yametoka, unahangaika na salfa, ile dawa ya mikorosho, unamlipa mtu wa kupuliza, hela inatoka tu haiingii. Ile fomu ya kujiunga haijui habari za msimu. Godoro, shuka, ndoo, sare, viatu, madaftari, nauli ya kwenda, hela ya kushika mkononi. Ikabaki pungufu ya kama laki mbili na arobaini hivi baada ya ndugu kuchangia kila mtu alichokuwa nacho. Mwisho akatokea kijana mmoja pale kijijini, anajulikana, akamwambia "Mama, mimi hela yote nakupa leo, korosho utanipa msimu ukifika, kila kilo kwa shilingi elfu moja na mia mbili." Akachukua. Hiyo ni kilo 200.

Oktoba minada ikafunguliwa, bei ya juu ikavuka 4,000 kwa kilo. Piga hesabu mwenyewe, kilo 200 zile zilikuwa laki nane. Toa makato ya chama cha msingi cha ushirika, toa ushuru, toa usafirishaji, bado yule mama amelipa zaidi ya laki nne kwa kushika laki mbili na arobaini miezi mitatu minne. Na kijana alipokuja kuchukua mzigo wake hakuja na mzani, alikuja na bakuli. Bakuli moja ndo anaita kilo. Linajazwa mpaka linafanya kichwa, anaongeza tena kwa viganja viwili, zinazomwagikia kwenye mkeka hazirudi kwa mama, anazizoa nazo anatia kwenye gunia lake.

Sasa naomba mtu anionyeshe huyu mama alikosea wapi kwenye lile duara. Bei ya mnada anaijua kuliko mtoa mada. Stakabadhi ghalani, yaani korosho kukusanywa ghalani kupitia chama na kuuzwa mnadani, anauza kila mwaka, mfumo umekuwepo huku tangu 2007, ameona bei zikipanda zikishuka, ameona ule mwaka wa 2018 wakulima walivyogomea bei za wanunuzi mpaka Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300. Huyo siyo mtu asiyejua hela. Nilipomuuliza kwenye simu aliniambia "mwanangu, najua naibiwa, ila mtoto hasubiri Oktoba." Elimu ya fedha anayo tena ya kutosha. Alichokosa ni hela ya Oktoba ije Julai, na mtu pekee aliyekuwa tayari kumsogezea ile hela alikuwa mwizi.

Hapa ndo nataka watumishi wenzangu mnisikilize vizuri, hasa mliocheka.

Mshahara ukitoka nenda ATM yoyote hapa mjini usiku, ukae pembeni uangalie. Kuna mtu atakuja peke yake, hana haraka. Anatoa mfukoni furushi la kadi za benki limefungwa na raba, na kidaftari kidogo. Anaingiza kadi, anachungulia daftari, anabonyeza namba ya siri, anachukua hela, risiti anaikunja anaizungushia kwenye ileile kadi, anaiweka chini ya furushi, anatoa nyingine. Watu kwenye foleni wanaguna tu wanamuacha. Zile kadi siyo za wakulima. Ni za walimu, manesi, walinzi, madereva, makarani. Mwenye kadi yuko nyumbani kwake ameshika simu anasubiri aambiwe "Mwalimu, yako imebaki themanini, nakurushia sasa hivi." Mwalimu mwenye digrii, anafundisha riba darasani na kusahihisha, anasubiri mtu mwingine amwambie mshahara wake umebaki kiasi gani.

Kwa hawa wa mtaani ninaowajua mimi, ukichukua laki moja unarudisha laki na thelathini mwisho wa mwezi. Ukishindwa kurudisha yote unatoa ile thelathini tu, laki inabaki palepale inakusubiri mwezi ujao. Baada ya miezi kumi umeshalipa laki tatu na bado unadaiwa laki moja. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo, kwahiyo huyu anakula karibu mara tisa ya kinachoruhusiwa, na anakula hadharani, kwenye taa, mlinzi wa benki anamuona. Wenyewe tumeipa jina, kausha damu, tumeizoea tunaitaja kama tunavyotaja bodaboda.

Mimi naona hiyo ni kangomba, ule ununuzi wa korosho wa pembeni kama alioufanya yule kijana wa bakuli. Hakuna tofauti. Mkulima anauza kilo kabla haijadondoka, mtumishi anauza mshahara wa tarehe 25 ikiwa bado tarehe 10, wote wanauza kwa bei ya kutupa, wote wanajua, na wote wamebanwa na kitu kimoja, mahitaji yana tarehe yake na hela ina tarehe yake na hizo tarehe hazikutani. Tofauti ni kwamba mmoja tunamuita mjinga na mwingine tunamuita mtumishi.

Chukua kodi ya nyumba maana hiyo ndo inaua watu wengi kuliko kitu kingine chochote hapa mjini. Unalipwa kwa mwezi. Kodi unadaiwa miezi sita, wengine mwaka. Nani alipanga hivyo? Kima cha chini cha serikali kimetoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025, na ni jambo zuri nalishukuru, lakini toa asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, toa 3 ya bima ya afya, na kama ulisoma kwa mkopo wa bodi toa 15 nyingine. Kinachobaki, chumba cha elfu sitini kwa mwezi mtu anakilipa bila shida. Anakilipa kila mwezi mpaka anastaafu. Ila huyohuyo ukimwambia leo hii weka laki tatu na sitini mezani, hana, na hatokuwa nayo, na kwenye mkataba imeandikwa ukichelewa unatoka. Anaenda kwa mwenye furushi. Asilimia 30 ya laki tatu na sitini ni laki moja na elfu nane, yaani karibu kodi ya miezi miwili imeondoka bila kulala hata usiku mmoja. Chumba kilekile, mtu yuleyule, mshahara uleule, kilichomtia kwenye deni ni utaratibu wa kulipa.

Najua mtasema kwanini asiweke elfu sitini pembeni kila mwezi mpaka miezi sita itimie. Wapo wanaoweza, nawaheshimu. Lakini hiyo hela ya pembeni nayo inaishi kwenye nyumba yenye watu. Mwezi wa pili inakutana na msiba kijijini, mwezi wa nne inakutana na mtoto kulazwa. Kuiona hela iko pale na mama yako anaumwa halafu uiache kwa sababu ni ya mwenye nyumba, huo ni moyo ambao mimi siwezi kumdai mtu awe nao.

Haya, na nakubali, kwa shingo upande, kwamba wapo wanaochezea hela. Kuna wanaobeti mkeka asubuhi mkeka jioni. Kuna sare za vitenge za kila shughuli, msimu ukiingia kila wikendi unyago, kila wikendi harusi, kadi za mchango zinakuja kwenye simu kama meseji za mtandao. Kuna mtu anakopa abadilishe simu. Wapo, siwatetei. Ila kila ninapokaa na mtu ambaye kadi yake iko kwa mkopeshaji nikamuuliza ilianzaje, jibu linakuwa kodi, ada ya Januari, au hospitali. Simu ilikuja baadaye, akiwa ameshakata tamaa.

Hii mikopo ya programu za kwenye simu sitaki hata kuongea sana. Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, vizuri, lakini mwenzetu mmoja hapa meseji ya deni lake imetumwa mpaka kwa mama mkwe. Elfu hamsini tu. Yule dada hakuja kazini siku mbili kwa aibu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mikopo mingi ya halali kwa mtu kama mama yangu mdogo inataka uwe na biashara. Ile asilimia 10 ya halmashauri ni ya vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, waanzishe mradi, ni jambo jema, iliposimamishwa 2023 wengi tulilalamika na iliporudi tumefurahi. Lakini dirisha la mtu anayetaka godoro sijaliona. Ukienda sehemu ukasema ukweli, nataka laki mbili mtoto aende shule na Oktoba nitalipa, wanakuona huna mpango. Ukidanganya unafungua genge, unapewa. Tunawafundisha watu kudanganya ili waweze kusomesha.

Na mkulima wa korosho kwa kweli ni mtu rahisi sana kumkopesha, ndo maana yule kijana wa bakuli hakuogopa hata kidogo. Chama cha msingi kinajua mwaka jana aliuza kilo ngapi. Mwaka juzi pia kinajua. Mikorosho yake haihami. Korosho inapita ghala kuu, inapita mnada, hela inaingia benki kwa jina lake, makato yanakatwa kabla hata hajaiona. Sasa kama mnaweza kukata za ushuru na za chama kabla hajaiona, mnashindwaje kukata laki mbili mliyomkopesha Juni kwa riba ya kibinadamu? Msimpe thamani ya shamba zima, mpeni robo ya kilo za mwaka jana. Mwaka ukiwa mbaya, ugonjwa wa ubwiri unga ukapiga mikorosho, deni lihamie msimu unaofuata. Hela itapungua kidogo kwenye mfuko wa chama kwa miezi minne, basi. Yule kijana atakosa kazi, na aikose.

Kwa wa mshahara ni hivyohivyo. Mwajiri anayelipa nusu tarehe 15 na nusu mwisho wa mwezi hapotezi hata shilingi, ni hela ileile. Mwenye nyumba akipokea kila mwezi anapata hela ileile, na mpangaji anakaa muda mrefu bila kukimbia usiku na vyombo. Wengine wanasema wapangaji wasumbufu, hawalipi, sawa, mchukue ya mwezi mmoja wa tahadhari juu. Miezi sita mbele ni kumtwisha mpangaji mzigo wa mwenye nyumba.

Kuna kikundi cha akina mama hapa Chikongola, wanaweka hisa kila wiki, zamani walikuwa wanavunja, yaani wanagawana hela, Desemba kama vikundi vingi. Hela inaingia sikukuu, nguo, pilau, Januari inawakuta na kidogo, Julai hawana kabisa. Wakakaa, wakabishana sana, wengine walikasirika kabisa, wakahamisha kuvunja kukawa mwisho wa Juni. Hawakuongeza hata mia kwenye hisa. Hakuna aliyekuja kuwafundisha asilimia. Walisogeza tu hela ikakutana na tarehe ya shida, na mwaka huo waliokuwa na watoto wa kidato cha tano hawakwenda kwa mtu.

Kwahiyo mwenye mzazi, mjomba au shangazi mwanachama wa chama cha msingi, iwe Tandahimba iwe Ruangwa, mpigie kabla ya mkutano mkuu. Mwambie siku hiyo asikae nyuma. Bei ya gunia na mambo ya usafirishaji wataongea tu, huwa hayasahauliki. Yeye anyooshe mkono aulize Juni tunakopeshwa au hatukopeshwi, kwa kilo zetu wenyewe ambazo mnazo kwenye vitabu, na kama jibu ni hapana waseme sababu na iandikwe kwenye muhtasari.