Mita ya LUKU Haimjui Mwenye Nyumba

Juzi, mtaani Nkuhungu hapa Dodoma, nilimsikia mwenye nyumba akimwambia mpangaji wake, "Umeme unatumia wewe, kijana wangu, basi na kodi ya majengo lipa wewe." Kijana alikuwa amemwonyesha ujumbe wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwenye simu: alinunua umeme wa shilingi 5,000, na 1,500 zikakatwa kama deni kabla uniti hazijahesabiwa. Alisema tu, "Sawa, mzee," kwa kuwa mkataba wake wa chumba na sebule ulikuwa ukingoni.

Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Sheria ya kodi hiyo, Sura ya 289, inamdai mmiliki, na mita iliyoanza kutumika kukusanyia kodi hiyo Agosti 2021 ni njia tu ya kupitishia fedha. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inatozwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa za mijini 7,500 kwa kila sakafu. Nitaambiwa kwamba 1,500 ni bei ya soda mbili. Kama ni ndogo hivyo, mwenye nyumba anashindwaje kuilipa mwenyewe? Hapa Dodoma, tangu Serikali ihamie, mpangaji anadaiwa pango la miezi sita kwa mkupuo, kisha anamlipia mwingine kodi ya mali ambayo hatairithi. Chumba kikikaa kitupu miezi minne, anayehamia anakuta deni la shilingi 6,000 likimsubiri kwenye mita, kana kwamba alikuwa akilala humo. Ushauri wangu ni kwamba jambo hili liandikwe kwenye mkataba, ujumbe wa LUKU utunzwe, na jumla ikatwe kwenye pango linalofuata. Asiyekubali kuandika ameshakuonyesha nia yake.

Nakiri kwa shingo upande kwamba utaratibu huu umetuondolea foleni na waliokuwa hawalipi kabisa sasa wanalipa. Hata hivyo, wepesi wa kukusanya si sawa na haki ya kutoza.

Tatizo hilohilo linaharibu misamaha. Mwenye nyumba aliyefikisha miaka 60, anayeishi ndani ya nyumba yake, amesamehewa. Vivyo hivyo mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Nyumba za udongo na za nyasi zimo pia, na wenye tembe zao kule Bahi na Chamwino wasikubali kutishwa na mtu. Lakini mita haijui umri wa mtu: mzee asipokwenda kuomba msamaha, inaendelea kumkata hadi anazikwa. Nyumba moja yenye mita tatu nayo inastahili kudaiwa mara moja tu, ila mwenyewe lazima akaeleze.

Wafanyabiashara nao wasijifiche nyuma ya wazee. Fremu ya biashara iliyopangishwa si makazi ya mzee, kampuni inayopanga inapaswa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na kodi ya pango la ardhi, inayolipwa Serikalini kwa ajili ya kiwanja, ni deni jingine kabisa.

Mwenyekiti wa mtaa anamjua kila mzee anayeishi kwenye nyumba yake, na mtendaji ana daftari la wakazi. Wanapotaka michango ya mtaa hawakosi mlango hata mmoja, kwa hiyo sioni kinachowazuia kuwapelekea wanaokusanya kodi hiyo orodha ya wazee hao pamoja na namba za mita zao.