Fisi Muongo, Rudi Porini!

Watoto wa maktaba yetu hawadanganyiki. Nasema hivyo kwa uchungu, maana aliyewafundisha ni mimi.

Mimi ni mkutubi wa watoto katika maktaba moja ya mkoa ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado nakula mshahara wake. Chumba changu kipo nyuma kabisa, kina mikeka badala ya viti na rafu fupi zinazonifika kiunoni. Nagonga mhuri wa tarehe, nashona vitabu vilivyochanika mgongo, nawarudisha simba wa 599 waliohamishiwa 398 kwa sababu "huku nako kuna simba, Anti." (Hizo ni namba za rafu: 599 ni wanyama wa kweli, 398 ni wanyama wanaoongea, wale wa hadithi. Mweleze mtoto wa miaka saba, akuone mbaguzi.) Vitabu vikirudi huwa navikung'uta kwanza, maana watoto wa hapa huweka alama ya ukurasa kwa chochote kilicho jirani. Nimeshakuta maganda ya karanga, tiketi ya basi, na siku moja dagaa mkavu, mzima na macho yake, amelala ndani ya kitabu cha samaki. Sijui alikuwa anajitafuta.

Jumamosi saa nne asubuhi ni saa ya hadithi. Hapo nasimulia kwa mdomo, mikono na shingo, na kwa muda mrefu hiyo ilitosha. Halafu watoto wakaanza kupiga miayo. Nikaamua kwamba safari hii fisi atakuja mwenyewe.

Kichwa chake nilikitengeneza nyumbani. Boksi la kandambili ndiyo mifupa, juu yake magazeti ya zamani yaliyochanwa vipande na kubandikwa kwa uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka. Masikio niliyakata kwenye ndala kuukuu. Meno yalikuwa chupa ya maji ya kunywa. Rangi ya juu niliipaka ya maji, madoa nikayapiga kwa kiwi ya viatu, ndiyo maana ndani mlinuka kama kambi ya jeshi asubuhi ya gwaride. Ilikuwa masika, kitu kikakataa kukauka, nikakianika juu ya friji. Mume wangu alikwenda kunywa maji usiku, akarudi kitandani bila kunywa.

Alhamisi nilikijaribu. Kikaingia, kikatoka. Lakini Alhamisi nilikuwa nimesuka twende kilioni. Ijumaa jioni nikapita kwa msusi, akanitia rasta ndefu, akazikusanya zote utosini, akafunga fundo la haja. Asubuhi yake, nyuma ya pazia la stoo, kichwa cha fisi kiligoma kuingia. Nikasukuma. Kikagoma. Nikasukuma kwa mikono miwili, fundo likapenya, na nikasikia "ko!" Sauti ndogo tu, kama ya kitasa.

Basi hadithi ikaanza. Fisi ametumbukia shimoni, anawaomba wapita njia wamtoe, na kila anayempa mkono analiwa. Kabla ya kuingia stoo nilikuwa nimewafunda watoto vizuri.

"Fisi akisema 'nisaidieni', mnajibuje?"

"Fisi muongo, rudi porini!"

"Hata akilia?"

"Hata akilia!"

"Hata akisema anaumwa?"

"Hata akisema anaumwa!"

"Hata akisema anakufa?"

"Afe!" akajibu mtoto wa kike mdogo aliyekaa mbele, na wenzake wakaona hilo ni jibu zuri kuliko langu.

Nikatoka na blanketi mgongoni. Wakapiga kelele mpaka dirisha likatetemeka. Shimo lilikuwa duara la chaki sakafuni, nikajitumbukiza humo, nikaomba, wakanifukuza, nikaomba, wakanifukuza. Nilijisikia msanii. Alinikatiza mtu mmoja tu, mvulana wa darasa la nne tunayemwita Profesa, ambaye amesoma vitabu vyote vya wanyama na anasubiri tuagize vingine.

"Anti, wewe ni fisi jike au dume?"

"Jike."

"Fisi madoa jike ni mkubwa kuliko dume, na ndiye anayeongoza kundi. Kundi lako liko wapi?"

Nikamwambia kundi limekwenda kutafuta mizoga. Akasema fisi madoa huwinda wenyewe sana tu, hawategemei mizoga. Nikaona sasa hadithi iishe. Nikashika masikio mawili, nikavuta nijivue.

Kikavutika na ngozi ya kichwa.

Nikavuta tena, machozi yakanitoka. Hapohapo kichwa kikapinda kidogo, matundu ya macho yakahamia kwenye mashavu. Kuanzia hapo nilikuwa naona kwa mdomo wa fisi tu, na mdomo ulitazama chini. Dunia nzima ikabaki miguu na mkeka.

"Watoto," nikasema, "hadithi imekwisha. Njooni mnisaidie kuvua."

Kimya kidogo. Kisha kwa sauti moja:

"Fisi muongo, rudi porini!"

"Hapana, sasa ni kweli. Naumia."

"Hata akisema anaumwa!"

"Mimi ni Anti!"

Hilo halikuwemo kwenye orodha. Nikaona vidole vya miguu vikikunjana kwa mawazo. Kisha nikasikia yule binti wa "afe" akiwanong'oneza wenzake, kwa mnong'ono wa kitoto unaofika barabarani: "Anaiga sauti ya Anti." Na mwingine: "Anti yuko wapi kwani?" Na wa tatu, ambaye namtakia kila la heri maishani ila siku hiyo hapana: "Amemmeza!"

Mmoja akaanza kulia. Wa pili akavua ndala.

Nataka nisisitize kwamba nilipiga kelele. Lakini mvua ilikuwa imeshuka juu ya bati, ile mvua ya masika inayofanya hata redio ionekane inachezesha midomo tu, na dada wa kaunta alikuwa amevuka barabara kutoa kopi. Kundi langu lilikuwa limekwenda kutoa kopi. Ndala zikaendelea kuja. Katika hizo ilikuwemo ya kwangu, niliyoivua mlangoni.

Wawili wakatimka kumwita mlinzi. Nilifurahi. Mzee wetu mlinzi ni mtu mzima, ana busara, tunaheshimiana. Nikaona mabuti yake ya mvua yakiingia, na pembeni ya mabuti, ncha ya rungu.

Nikawaza haraka: nitamthibitishiaje kuwa mimi ni mtu? Adabu. Mnyama hana adabu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Mabuti yakarudi nyuma hatua mbili.

Kumbe nilikuwa nimesahau kwamba mzee amekulia Shinyanga. Huko fisi wa kawaida ni wa kufukuza kwa jiwe, lakini fisi anayeamkia watu ana mwenyewe, na mwenyewe anatafuta mtu. Mzee hakuitika. Aliuliza kwa sauti ya chini, iliyotulia kupita kiasi: "Nani amekutuma?"

"Mzee, ni mimi! Wa chumba cha watoto! Juzi si tulikula wote mihogo?"

"Na mihogo unaijua," akasema mzee, na rungu likapanda kutoka kwenye upeo wangu wa kuona.

Kilichoniokoa ni jozi ya tatu ya viatu. Vya ngozi, vyeusi, vinang'aa, na tope jipya kwenye visigino. Katika maktaba yetu hakuna anayevaa viatu vya namna hiyo Jumamosi. Hivyo ni viatu vya makao makuu. Tulikuwa tumesikia tetesi kwamba kuna mgeni anazunguka mikoa kukagua huduma za watoto, lakini tetesi zenyewe zilisema wiki ijayo.

Sikuwa na njia nyingine. "Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba, hujambo?" ikajibu sauti ya mtu mzima wa kike, kwa mazoea, kabla hajatazama anaongea na nani. Kikafuata kimya. Mimi nikaendeleza tu mazungumzo, ningefanyaje.

"Sijambo, ila kichwa hakitoki."

Lazima niseme ukweli, mama yule ana moyo. Aliweka mkoba chini, akamwambia mzee ashike mabega, yeye akashika masikio, wakavuta. Sikio moja likabaki mkononi mwake. Nikasikia akiligeuza. "Hii si ndala?" akauliza. Nikasema ndiyo, namba nane. Wakavuta tena, nikalia kwa sauti ambayo watoto waliipokea kwa makofi.

"Msivute," akasema Profesa. Nikaona ndala zake za bluu zikisogea, na kitabu kikifunguliwa sakafuni, mbele ya mdomo wangu, ili nami nifuatilie. Kilikuwa cha kazi za mikono, nilikitoa rafuni mimi mwenyewe nilipokuwa natengeneza hicho kichwa. "Hii ni gundi ya unga. Gundi ya unga hulainika kwa maji."

Watu wazima wawili hawakusema neno. Kisha wakanishika huku na huku, wakanitoa nje, wakanisimamisha chini ya mfereji wa bati.

Kama hujawahi kusimama Jumamosi ya masika, chini ya maji ya paa zima, umevaa blanketi na kichwa cha fisi chenye sikio moja, mbele ya kituo cha daladala, basi sina la kukueleza. Watu waliokuwa wamejibanza wakisubiri gari waliacha kusubiri. Konda mmoja aliita abiria mara moja, akaniona, akasahau gari lake linakwenda wapi. Dada wa kaunta alirudi na kopi zake chini ya mwavuli, akasimama, akageuka, akavuka tena barabara.

Maji yakafanya kazi yake. Kwanza ikaondoka rangi, ikanitiririkia shingoni, kiwi kwa kiwi. Kisha magazeti yakaanza kujitokeza kipajini, na yule binti wa "afe", ambaye yuko darasa la kwanza na nilikuwa sijawahi kumsikia akisoma neno zima, akasogea akaninyooshea kidole.

"Ki-wa-nja," akasoma. "Ki-na-u-zwa."

"Endelea," akasema mheshimiwa.

"Ma-ji na u-me-me vi-po. Pi-ga si-mu." Akanizunguka, maana namba ilikuwa kisogoni.

"Anasoma vizuri huyu," mheshimiwa akamwambia mzee mlinzi, juu ya kichwa changu. "Yuko darasa la ngapi?"

Mimi nilikuwa bado ndani. Kilichukua muda mpaka taya la chini likadondoka, na baada yake pua, na mwisho boksi lenyewe likafunguka kwa nyuma, fundo la msusi likatokeza salama salimini, halijachomoka hata nywele moja. Fundi ni fundi. Watoto waliniangalia usoni kwa kitambo. Nilingoja waje wanikumbatie. Binti akamgeukia Profesa.

"Kamtapika," akasema.

Wakakubaliana hivyo, na hadi leo ndivyo wanavyoisimulia nyumbani. Mheshimiwa alikunywa chai, akasaini kitabu cha wageni na kuandika kwenye safu ya maoni: "Watoto wanashiriki. Sakafu inateleza." Mzee mlinzi ameanza kunisalimia tena, ila ananisalimia kwa mbali na anasubiri kwanza niitike kwa kusema jina langu.

Jumatatu kitabu cha hesabu kilirudi kikiwa kimeng'atwa kona nzima, pamoja na nusu ya jedwali la kuzidisha. Nikachukua rejista ya faini, nikafungua kalamu, nikamuuliza kijana nani amekula kitabu cha serikali.

Akanitazama bila kupepesa.

"Si wewe, Anti?"