Kuosha nyanya si kujidanganya

Nyanya zikishushwa sokoni, nyingi huwa na vumbi jeupe au la kijivu lililoganda kuzunguka kikonyo. Mara nyingi hayo ni mabaki ya mancozeb, kiuakuvu ambacho wakulima wa nyanya Tanzania na Kenya hupuliza dhidi ya ugonjwa wa bakajani, na msimu wa mvua hurudia kila baada ya siku chache. Vumbi lile hufika jikoni kama lilivyo, na hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaosema osha vizuri, menya inapowezekana, utapunguza sumu unayokula. Na wapo, tena sauti zao zinazidi kupata nguvu miaka hii, wanaosema huko ni kujidanganya: dawa imeshaingia ndani ya mmea, maji ya kwenye karai hayaifikii, na kadiri tunavyofundishana kuosha ndivyo tunavyompunguzia lawama anayeuza sumu na anayeiruhusu iuzwe.

Naanza na hawa wa pili, kwa kuwa hoja yao ni nzito.

Ni kweli zipo dawa ambazo mmea huzinywa kupitia mizizi au majani, ukazisambaza hadi kwenye tunda. Dimethoate ni mojawapo, imidacloprid ni nyingine. Mwaka 1985, huko California, watu zaidi ya elfu moja waliugua kwa kula matikiti maji yenye aldicarb. Dawa ilipanda kutoka ardhini ikaingia kwenye nyama ya tikiti. Hata wangeliosha ganda mara kumi wasingeigusa. Kwetu huku, mwanzoni mwa 2013 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba shehena 10 katika kila 100 za maharage machanga na njegere kutoka Kenya zipimwe zinapoingia, kwa sababu ya mabaki ya dimethoate. Wauzaji wa nje ikabidi wafuatilie nani kapuliza nini, na lini. Kilichowabadilisha ni ukaguzi. Mboga iliyobaki kwa ajili yetu wenyewe haikupata macho makali namna ile, na ndiyo maana mwaka 2019 Gladys Shollei, mbunge mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, alipeleka ombi bungeni Nairobi akitaka viuatilifu hatari viondolewe sokoni. Aliuliza swali sahihi: kwa nini dawa iliyokataliwa Ulaya iendelee kuuzwa kwenye duka la pembejeo la hapa?

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni mahali hoja hiyo inapoishia. Kutoka "kuosha hakuondoi kila dawa" watu wameruka hadi "kuosha hakuondoi kitu", na kati ya kauli hizo mbili pana nafasi kubwa sana, ambamo ndimo familia nyingi zinamoishi.

Mwaka 2000 Walter Krol na wenzake wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, Marekani, walichapisha matokeo ya kuosha mazao kwa maji ya bomba tu, bila sabuni wala dawa ya kuoshea. Kati ya viuatilifu 12 walivyovipima, 9 vilipungua. Vitatu, yaani vinclozolin, bifenthrin na chlorpyrifos, havikupungua. Ukiwa na haraka utashika hivyo vitatu na kutangaza kwamba maji yameshindwa. Mimi nashika lile walilolibaini juu ya idadi hiyo: kupungua hakukufuata urahisi wa dawa kuyeyuka kwenye maji. Dawa isiyoyeyuka iliondoka sawa na inayoyeyuka. Maana yake kazi kubwa haifanywi na uyeyushaji. Inafanywa na msukumo wa maji na msuguano wa mkono. Mtu anayeitumbukiza nyanya kwenye beseni, akaizungusha mara moja na kuitoa, hajafanya kile kilichopimwa Connecticut.

Hivyo vitatu vilivyogoma navyo vinatufundisha jambo. Chlorpyrifos, ambayo maji hayaitoi, ndiyo ile ambayo Ulaya iliacha kuiruhusu mwanzoni mwa 2020 na ambayo Mei 2025 iliingizwa kwenye orodha ya kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm. Pale mkono wa mpishi usipofika, sheria lazima ifike. Sioni ugomvi hapo.

Sasa turudi kwenye vumbi jeupe, maana hapa ndipo nadhani hasara kubwa inapofanyika, nayo inafanyika kimya. Jikoni kwetu kuna imani iliyokita mizizi kwamba moto unaua kila kitu. Kwa vijidudu vya kuharisha imani hiyo imeokoa watu wengi. Hata kwa baadhi ya viuadudu, kupika hupunguza mabaki. Lakini mancozeb ikipata moto, sehemu yake huvunjika na kuzaa kemikali nyingine, ethylenethiourea, ambayo wataalamu huifupisha ETU. Jambo hili limejulikana tangu miaka ya 1970. ETU ndiyo wanayoiogopa zaidi kuliko mancozeb yenyewe: kwa wanyama wa maabara huvuruga tezi ya shingo, ile inayoongoza ukuaji na joto la mwili, na kwa viwango vikubwa imesababisha uvimbe. Ulaya ilipokataa kuongeza muda wa mancozeb mnamo Desemba 2020, kuvuruga homoni kulikuwa miongoni mwa sababu zake.

Fikiria basi rojo la nyanya linavyoandaliwa. Nyanya sita zinasuuzwa kwa haraka, au hazisuuzwi kabisa kwa sababu "zinakwenda motoni". Zinasagwa kwenye blenda na maganda yake, au zinakatwa na kumiminwa kwenye mafuta. Vumbi lililokuwa kuzunguka kikonyo, mahali lilipojikusanya zaidi, linaingia lote. Kisha mchuzi unachemka nusu saa hadi uwe mzito. Hakuna maji yanayomwagwa. Kilichozaliwa humo kinaliwa humo, na mtoto wa miaka mitatu anakula kwa kila kilo ya mwili wake zaidi ya baba yake.

Nyanya hizohizo zingesuguliwa moja moja chini ya maji, kikonyo kikatolewa na lile shimo lake likasuguliwa kwa kidole gumba, sehemu kubwa ya vumbi ingekwenda na maji kabla moto haujaigusa. Mancozeb hukaa juu ya ngozi. Haipandi kutoka kwenye mizizi kama aldicarb, haijifichi ndani kama dimethoate. Kwa hiyo mtu anayesema "sumu iko ndani, usijisumbue" anachukua ukweli wa dawa moja na kuubandika juu ya dawa nyingine, tena ile iliyo miongoni mwa zinazopulizwa zaidi kwenye nyanya zetu. Na matokeo ya kauli yake ni kwamba nyanya inaingia sufuriani na vumbi lake. Hili ndilo linalonifanya niandike.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, upo utafiti wa Lili He na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, 2017. Walitumia matufaha na dawa mbili, thiabendazole na phosmet. Bakingi soda, gramu 10 kwa lita moja ya maji, ambayo ni kama vijiko viwili vya chai, iliondoa asilimia 80 ya thiabendazole iliyokuwa juu ya ganda kwa dakika 12, na asilimia 96 ya phosmet kwa dakika 15. Maji matupu hayakufikia hapo. Lakini asilimia 20 ya thiabendazole ilikuwa imeshapenya kwenye ganda ndani ya saa 24 tangu ipakwe, na hiyo hutoka kwa kumenya tu. Kwa tufaha lililosafiri kutoka Afrika Kusini, ushauri huu naupenda: loweka, suuza, na kama ni la mtoto, menya. Kwa mchicha siupendi. Majani yakilowekwa muda wote huo yanapoteza virutubisho ulivyovifuata, na majaribio yale hayakuwa ya majani.

Sabuni iachwe kabisa, hata ile ya vyombo. Matunda na mboga vina vitundu vinavyoinywa, nawe utabadilisha mabaki moja kwa mengine.

Wapo pia wanaouliza maji ya kuoshea hivyo yatoke wapi. Hoja hiyo ya maji ndiyo inayostahili jibu la heshima, kwa sababu utafiti unaposema "maji ya bomba yanayotiririka" unazungumza na nyumba ambazo si nyingi. Dumu la lita 20 lina bei, na mtu aliyelinunua hawezi kuliacha litiririke. Anachoweza ni kuchota kwa kata au jagi na kumimina taratibu juu ya nyanya huku mkono mwingine ukisugua, beseni likiwa chini. Maji kidogo yanayomiminwa mara mbili au tatu ni bora kuliko karai moja lililojaa, ambamo uchafu wa jani la kwanza unalifuata jani la mwisho. Maji hayo yakishatumika yanafaa chooni. Yasimwagiwe bustani ya mboga.

Sukuma wiki ina shida yake. Jani lioshwe zima, pande zote mbili, ndipo likatwe. Kwa mama mboga wengi wa Nairobi na Mombasa hukatwa mbele yako, nyembamba kama nywele, bila kuoshwa, kisha hufungwa kwenye mfuko. Ukifika nyumbani, kuisugua haiwezekani tena, na kila ukiisuuza vitamini zinatoka kupitia maelfu ya mipasuko ya kisu. Mwombe akupe majani mazima. Kabichi ni rahisi: ondoa majani mawili matatu ya nje. Chungwa na embe vioshwe kabla ya kumenywa, kwani kisu na vidole hubeba kilichoko kwenye ganda hadi kwenye nyama.

Mahindi sijayamaliza kichwani mwangu. Dawa ya unga inayochanganywa na mahindi dhidi ya dumuzi na fukusi hubaki zaidi kwenye pumba, kwa hiyo kukoboa huondoa sehemu kubwa yake. Lakini pumba hizohizo ndizo zinazoifanya dona iwe chakula bora kuliko sembe, nami siwezi kumwambia mtu aache dona kwa hofu. Nitamwambia apepete, aoshe na kuanika kabla ya kusaga, na akiweza ahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa kama ile ya PICS, ambamo wadudu hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote.

Limebaki lalamiko kwamba ushauri wa jikoni unamtwisha mwanamke mzigo wa kosa la wengine. Ni lalamiko la haki. Mkulima aliyepuliza jana na kuvuna leo, kwa sababu dalali ameleta lori leo, amevunja siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, na pengine lebo yenyewe hakuweza kuisoma. Tangu kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, aingie Afrika Mashariki miaka kumi na kitu iliyopita, shinikizo la kupuliza kwenye nyanya limekuwa kubwa mno, na mkulima aliyekopa pembejeo hana ujasiri wa kungoja. Hayo si makosa ya mpishi. Ila mpishi huyo tayari anaosha, kila siku. Kumpa maelezo sahihi ya kuosha, akasugua badala ya kutumbukiza, akaosha kabla ya kukata na kabla ya moto, hakumwongezei mzigo mkubwa. Kumnyima maelezo hayo ili hasira yake kwa serikali isipoe, hilo kwangu ndilo lisilo haki, maana anayelipa ni mtoto wake.

Tena kuna madhara ya kauli ya kukata tamaa ambayo wanaoitoa hawayakusudii. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Familia nyingi haziifikii. Mtu akishaaminishwa kwamba kila jani ni sumu isiyotoka, hatakwenda bungeni, atapunguza mboga. Ataongeza chipsi. Anayejua kwamba ana la kufanya kwa mikono yake huendelea kula mchicha, na ndiye huyohuyo mwenye nguvu ya kudai zaidi.

Na ya kudai yapo, tena karibu kabisa. Tanzania ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya 2020. Kenya ina bodi yake ya kudhibiti viuatilifu. Matokeo ya vipimo vya mboga za soko la ndani yabandikwe kwenye ubao wa soko lenyewe, kwa jina la zao na eneo lilikotoka, ili dalali ajue kwamba nyanya iliyopulizwa jana itamrudia. Halmashauri nazo zinakusanya ushuru kwa mama mboga kila siku. Sehemu ya fedha hizo iweke bomba la maji kando ya meza anapokatia sukuma, ili aioshe ikiwa bado jani zima.